Mwaka Tuliomzika Saru

Bi Zuhura alizikwa Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, na Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nyumbani kwake, hapa Voi, katikati ya wanawake wa familia yake, mimi peke yangu nikiwa na msalaba shingoni. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini pale. Mabinti zake walinisogezea kikombe cha kahawa na kuniegemea walipolia. Aliyeuliza alikuwa Mkristo mwenzangu, mama kijana wa kanisa letu aliyekuja kutoa pole, ambaye tulitoka naye pamoja hadi barabarani. Alinishika mkono, akashusha sauti kama mtu anayetaka kuulizia ugonjwa wa aibu. "Mama Wakesho, ni kweli ni wewe ulimzika yule mwanamke wa pombe kule Makwasinyi?" Nikamjibu kwamba ni kweli. "Lakini si hayo yaliisha, mama? Wengine tunaona heri uyaache tu. Kanisa lina amani sasa." Ni mama mzuri, sina neno naye. Lakini nilitembea hadi kwangu nikiwa na hasira ambayo sikujua bado ninayo. Amani gani hiyo? Kanisa lina amani kwa sababu wengi waliokuwa na la kusema wamehama au wamekufa. Mimi sijafa. Na Bi Zuhura, aliyetupa mahali pa kuketi wakati wenzetu walitufungia mlango, amekufa bila mtu yeyote wa kanisa letu kumwambia asante mbele ya watu. Basi nayaandika yote, na anayetaka amani ya kunyamaza aipate kwingine.

Mwaka ule sikuwa nimefika thelathini. Asubuhi nilifundisha watoto wa chekechea, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaani Mwakingali, chumba cha mabati ambacho mchana wa Januari hakikaliki. Nilikuwa na kitanda, meza, stovu ya mafuta taa na pazia la kitenge lililotenganisha mahali pa kulala na mahali pa kupikia. Kupitia ukutani nilisikia kila kitu cha jirani: redio, ugomvi, kicheko, mtoto akikataa uji. Nilizoea kuomba katikati ya kelele hizo, na hadi leo nikiomba mahali pa kimya kabisa nahisi kama naongea na ukuta. Kikundi cha akina mama cha Alhamisi kilinifikia bila mimi kukitafuta. Aliyekuwa akikiongoza alimfuata mumewe Mombasa, na mchungaji akanionyesha kidole kwa sababu, alisema, nasoma Biblia kwa sauti bila kukwama. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Wengi wao walikuwa wamezaa, wamezika, wamelima mashamba yaliyoliwa na ndovu, nami nimeketi mbele yao na sauti yangu isiyokwama.

Tulikutana katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, chumba chenye madirisha ya juu na harufu ya vumbi na nta ya sakafu. Kabla ya maombi kulikuwa na mazungumzo, na sasa naona kwamba mazungumzo yale yalikuwa nusu ya maombi. Maji yamekatika tangu Jumatatu. Mtoto wa fulani amefukuzwa shule. Ndovu wameingia tena Ndara. Mama Mghoi, aliyekuwa mkubwa wetu na aliyepika katika shule ya bweni maisha yake yote, alikuja na chakula kila wiki: pure, yale mahindi na maharagwe yetu, au kimanga, muhogo na maharagwe aliyoyaponda mpaka yakawa laini, na hakuruhusu mtu afungue Biblia na njaa. "Neno halikai kwenye tumbo tupu," alisema, huku akipakua. Alinipenda kama mwanawe. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ya yaliyokuja baadaye.

Saru alikuja Alhamisi moja mwanzoni mwa kiangazi. Tulikuwa tukiimba, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, nikaona mwanamke mrefu amesimama kizingitini na kitambaa chekundu kichwani, mikono nyuma, kama mtoto aliyetumwa kwa mwalimu mkuu. Kila mtu alimjua. Alikuwa na nyumba karibu na reli ambako aliuza mbangara, ile pombe yetu ya kienyeji, na wanaume wa mji mzima walipajua mlango wake kuliko mlango wa kanisa. Wimbo ulififia wenyewe. "Nawasikia kila Alhamisi nikipita na maji," alisema. "Leo nimechoka kupita." Hakuna aliyesogea. Mwende, msichana wa Kikamba aliyekuwa ameolewa mjini mwaka huo huo, ndiye aliyevuta begi lake kutoka kwenye benchi na kumwachia nafasi. Saru akaketi. Siku hiyo tulikuwa tumefika mahali ambapo yule mwanamke wa mjini anaingia kwenye karamu bila kualikwa na kumwaga marashi yake kwenye miguu ya Bwana. Sikuwa nimepanga. Nilisoma bila kukwama, kama kawaida yangu, na nilipoinua macho Saru alikuwa analia waziwazi, bila kuficha uso, na Mama Mghoi alikuwa anatazama dirishani.

Akawa anakuja kila wiki. Hakuwa mpole, msije mkadhani. Aliuliza maswali ambayo sisi tuliolelewa kanisani hatukuwahi kuthubutu. "Huyu Petro, baada ya kumkana Bwana wake, walimweka nje kwa muda gani?" Tukacheka, kisha tukaanza kupekua Biblia. Siku nyingine nilimwuliza, tukiwa wawili tu tukifagia ukumbi, kama ataacha pombe. Aliegemea ufagio. "Nitaacha, mwalimu. Mama yangu yuko Makwasinyi, haoni. Anakula kwa hii mikono. Nikiacha leo, kesho nitaenda kumwambia nini? Niambie wewe, halafu niache leo." Nikaendelea kufagia. Wengine walipohadithia baadaye walipenda kusema kwamba Saru alikuwa ameacha kabla hajafa, ili hadithi iwe safi. Hakuwa ameacha. Alikuwa amepunguza, Jumapili na Alhamisi mlango wake ulifungwa, na hilo lilimletea matusi ya wateja. Lakini hakuwa ameacha, na sitasema uongo juu yake ili mtu ampende zaidi.

Mzee Mwadime aliniita baada ya ibada. Alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mwembamba, nadhifu, aliyekuwa fundi wa reli hadi alipostaafu. Ninapomkumbuka sasa najitahidi nimtendee haki. Mdogo wake alikuwa mlevi, na asubuhi moja alikutwa amekufa kando ya reli ile ile ambayo mzee aliitengeneza kwa mikono yake. Mji wote ulijua alikuwa ametoka kunywea wapi. "Binti yangu," aliniambia, akiwa amesimama wima, kofia mkononi, "yule mwanamke anaweza kuketi kanisani kama mtu mwingine. Nyuma. Lakini kwenye kikundi cha akina mama, hapana. Kikundi ni cha washirika. Atubu mbele ya kanisa, aache ile kazi, ndipo." Nikamwambia, "Mzee, anatubu kila Alhamisi. Mimi namwona." Akasema, "Wewe unaona machozi. Mimi nimeona maiti." Lakini Alhamisi iliyofuata Saru alipokuja, niliongeza benchi.

Wiki iliyofuata tulikuta kufuli mpya kwenye mlango wa ukumbi. Tulisimama juani na Biblia zetu na sufuria ya Mama Mghoi. Wengine walisema turudi nyumbani. Mama Mghoi alinivuta kando. "Mwanangu, hao ni wazee. Inama kidogo tu. Mwambie Saru asije mwezi mmoja, mambo yapoe, halafu tutaona." Nilimwambia sitamwambia. "Basi nitamwambia mimi," akasema, na nikaona anaumia kweli kusema hivyo. Saru alikuwa amesimama pembeni, na alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa ameshaanza kugeuka aondoke.

Hapo ndipo sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta. Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa inapakana na uwanja wa kanisa. Tulimjua kwa mahamri yake na kwa kutuliza wajukuu wake wakati sisi tunaomba. Kichwa chake kilitokeza juu ya ukuta, amejitanda mtandio. "Nyinyi akina mama, mwasimama juani kama mnaosubiri kuuzwa? Piteni huku, uani kuna kivuli." Nikamwambia asante, Bi, lakini sisi tunataka kusoma Biblia. "Nami nimesema msisome?" akajibu. "Someni. Isa bin Maryamu twamjua, si mgeni kwetu. Mimi ni Mwislamu wa jana na wa kesho, sibadiliki, basi msijisumbue na mimi. Ila nikienda kuswali mtanyamaza kidogo, kisha mtaendelea."

Ndivyo tulivyohamia uani kwa Bi Zuhura. Palikuwa na mpera mmoja, kamba za nguo, mikeka, na jiko la makaa ambalo halikuzimika. Tuliposoma, yeye alikuwa hapo hapo akikanda unga au kuchambua mchele, na mara kwa mara alitoa neno lake. Alipomsikia Ayubu akilalamika alisema, "Naam, Nabii Ayubu, yule alionja," kama anayezungumza juu ya jirani wa zamani. Adhana ya alasiri ilipotoka msikitini tulinyamaza, naye akaingia ndani. Katika kimya hicho, wanawake wa Kitaita na Kikamba tumekaa kwenye mkeka na Biblia mapajani, nilijifunza kungoja. Kanisani tulisema kungoja ni sehemu ya imani, lakini hakuna aliyewahi kutufundisha namna ya kukaa kimya wakati mtu mwingine anaongea na Mungu. Nusu ya kikundi haikuvuka ukuta nasi. Mama Mghoi alivuka mara moja, akaketi ukingoni mwa mkeka, akala kaimati mbili kwa adabu, na hakurudi tena.

Katikati ya mwaka Saru aliugua. Ilianza na kikohozi, kisha homa, kisha akawa hawezi kusimama mbele ya moto wa kupikia pombe yake, na hivyo, kama alivyosema mwenyewe akicheka bila nguvu, Mungu alimsaidia kuacha. Nyumba yake ya karibu na reli ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na mabenchi na vibao vya kukalia, kuta zimechafuka kwa mabega ya wanaume. Cha nyuma kilikuwa safi kupita vyumba vyote nilivyowahi kuingia: shuka nyeupe, kalenda ya kanisa, bakuli la enameli lililofunikwa kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Tulianza kwenda kwa zamu. Mmoja anafua, mmoja anapika uji, mmoja anamwogesha. Mwende mara ya kwanza alisimama mlangoni na ndoo, akakataa kuingia. "Dada Wakesho, mimi naogopa. Na nikiambukizwa?" Nikamwambia aache, nitamwogesha mimi. Saru akasikia kutoka kitandani. "Mwache alete maji tu. Hata kuleta maji ni kazi." Mwende akaleta maji. Wiki ya pili akaleta maji na sabuni. Baada ya hapo yeye ndiye alimkata kucha na kumsuka nywele, akimhadithia mambo ya mama mkwe wake, na wote wawili wanacheka hadi kikohozi kinawakatiza.

Nikiulizwa niliishi imani yangu wapi mwaka ule, siwezi kutaja ibada yoyote. Nataja karai tulilomwogeshea Saru. Nataja asubuhi nilizopita kwa Saru kabla ya shule, nikiwasha makaa huku nikikariri moyoni nyimbo za watoto wa chekechea, na jioni nilizopita tena na mchuzi wa mbaazi kutoka kwa Bi Zuhura, umefungwa kwa kitambaa ili usimwagike. Bi Zuhura mwenyewe hakuweza kutembea mbali, miguu ilikuwa imevimba, lakini kila siku aliuliza, "Amekula?" si "Anaendeleaje?" Amekula. Hilo tu alitaka kujua. Na wateja wa Saru, wale wanaume tuliowaombea waache ulevi bila kuwajua majina, walikuja mchana kusimama nje na kuuliza kama kuna kuni za kupasuliwa. Mmoja, mtu mkimya wa machimbo ya Kishushe, alipasua rundo zima na kwenda zake bila kuomba hata maji.

Saru alipozidiwa tulimpeleka hospitalini, na huko alifia asubuhi moja, Mwende akiwa amemshika mkono. Nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji. Alikuwa mezani kwake, na nilipomwambia alivua miwani, akaficha uso. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na woga ndani. "Wakesho," akasema, "wazee wameshakaa. Kanisa halimziki mtu aliyekufa katika biashara ya pombe. Ni kanuni. Siwezi kwenda, na siwezi kumtuma mwinjilisti. Mikono yangu imefungwa."

"Na nani, mchungaji?"

"Usiniulize hivyo."

"Nauliza. Miezi yote hii alikuwa anakuja kwa Mungu na watu wanamwonyesha mlango. Sasa amefika, na bado mnamwambia akae nyuma?"

"Punguza sauti, binti yangu."

Sikuipunguza. Karani wa kanisa alikuwa chumba cha pili, na najua alisikia, kwa sababu kufikia jioni mji ulikuwa na maneno yangu yote pamoja na mengine ambayo sikuyasema.

Tulimchukua Saru wenyewe. Mume wa Mwende alituombea pikapu kwa mtu wa kazini kwao, na tukapanda nyuma na jeneza, sisi wanawake tu, tumefunga lesso viunoni, hadi Maungu, kisha tukaiacha lami tukaingia barabara ya vumbi kuelekea Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Hakuna aliyeimba. Vumbi lilitufunika mpaka tukafanana. Mlima ulikuwa mbele yetu kwa muda mrefu kabla hatujaufikia, na Mwende, ambaye hakuwahi kufika huko, aliuliza kwa sauti ndogo, "Dada, tukifika tutasema nini?" Nilimwambia sijui. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimewahi hata kuhubiri kanisani. Wanawake kwetu walisoma matangazo.

Makwasinyi kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wanaume wa ukoo walikuwa wamesimama pembeni, mikono nyuma, na mjomba wa Saru alikuja kutupokea, akatazama ndani ya pikapu, akatazama barabarani nyuma yetu. "Mchungaji yuko gari gani?" Nikamwambia hakuna mchungaji. Mwinjilisti wa hapo kijijini alikuwa ameshapigiwa simu aonywe, na alikuwa amejifungia nyumbani kwake. "Basi tutangoja," mjomba akasema. "Hatujawahi kuona mwanamke akiongoza mazishi hapa. Watu watatucheka mlima wote." Wanaume wengine wakaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesogea kushusha jeneza. Jua lilikuwa la utosi.

Mama yake Saru alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba, kikongwe mdogo, macho yake meupe yameelekea upande tusiokuwapo. Aliita kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, kisha, alipokumbuka kwamba kuna wageni, kwa Kiswahili. "Mbona kimya? Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari, mama," nikasema.

"Juani?"

Aliinua uso kuelekea sauti yangu.

"Nauliza, mtoto wangu yuko juani? Mnangoja nini? Mwenye mdomo aombe. Mwenye mikono ambebe."

Nilianza kupanda pikapu, na Mwende nyuma yangu, tukakuta jeneza ni zito kuliko tulivyodhani. Ndipo tulipowasikia. Walikuwa wametoka Voi kabla yetu, kwa lori la mchanga, na wakatembea sehemu ya mwisho kwa miguu: wateja wa Saru. Walikuwa wamenyoa. Walikuwa wamevaa mashati safi, mengine yakiwa bado na mikunjo ya sandukuni, na hakuna hata mmoja aliyenuka pombe. Yule mtu wa Kishushe alivua kofia, akaniuliza, "Mwalimu, tunaruhusiwa?" Sijawahi kuulizwa swali lililonichoma hivyo. Nikamwambia, "Ni nyinyi tuliokuwa tunawangoja." Neno hilo halikuwa kweli nilipoanza kulisema, lakini lilikuwa kweli nilipolimaliza. Wakaingia chini ya jeneza. Mjomba alipoona hivyo, aliona haya, akaja akashika upande mmoja.

Nikasimama kichwani mwa kaburi. Nilisoma kile kile nilichosoma Alhamisi ya kwanza, kuhusu mwanamke na marashi, na safari hii nilikwama. Nilikwama mara nyingi. Kisha nikasema tu nilichokuwa nacho: kwamba huyu ni Saru, kwamba aliuza pombe na sitalificha hilo mbele ya Mungu anayelijua, kwamba alimlisha mama yake, kwamba alitamani kuingia ndani na tuliokuwa ndani tulimbania, na kwamba kama kuna kanuni yoyote mbinguni inayomzuia, basi Mungu aniandike mimi pamoja naye kwenye orodha ya waliozuiwa. Wanawake wakaitikia amina kwa nguvu kama watu wanaogombana. Tukachukua majembe. Tulifukia kaburi pamoja na wale wanaume, tukipokezana, na mama yake Saru aliketi akisikiliza udongo mpaka mwisho.

Wazee waliniita wiki hiyo hiyo. Niliondolewa uongozi, jambo ambalo nililitarajia, na nikatengwa na Meza ya Bwana mpaka nitakapoomba msamaha mbele ya kanisa. Walinipa Jumapili ya kufanya hivyo. Nilivaa nguo yangu nzuri, nikaenda mbele. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani, maana watu hupenda kuona mtu akiinamishwa. Mama Mghoi alikuwa benchi la pili, akinitazama kwa macho ya kunisihi. Nikasema, "Nimeombwa niseme nimekosa. Nimelitafuta kosa langu, nimemwomba Mungu anionyeshe, na sijaliona. Nikiliona nitarudi hapa niliseme. Leo nasema tu kwamba tulimzika dada yetu, na tungemzika tena." Nikarudi mahali pangu. Mtu nyuma alipiga kelele ya hasira. Mchungaji alitangaza wimbo, lakini alikosea nambari, na kanisa likaimba nyimbo mbili kwa pamoja.

Walidhani nitahama. Makanisa yalikuwa mengi Voi, na mengine yalituma watu kunikaribisha. Sikuhama. Kila Jumapili nilikaa benchi la mbele, pale pale. Sahani ya mkate ilipopitishwa na wazee kutoka mkono hadi mkono, iliniruka. Aliyeketi kulia kwangu aliinyoosha mbele ya kifua changu hadi kwa aliyeketi kushoto, na mimi niliweka mikono mapajani, nikamtazama mzee anayehudumu usoni hadi alipogeuza macho. Sikulia hata siku moja pale. Nililia kwa Bi Zuhura, Alhamisi, naye alinisukumia bakuli la unga nikande, akisema mikono yenye kazi hailii sana. Kikundi kikaendelea uani. Walikuja wengine, si wengi, na miongoni mwao mke wa yule mtu wa Kishushe, aliyetembea mwendo mrefu kutoka barabarani na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeondolewa uongozi, basi sikuongoza. Nilisoma tu, kwa sauti, na wao wakauliza maswali. Mimi na Mama Mghoi tulisalimiana njiani kwa salamu ya asubuhi ya Kitaita, "Kwawuka mana," na tukapita. Mpaka alipofariki ilikuwa hivyo hivyo.

Mwaka ulipokuwa unaelekea ukingoni, kabla ya mvua za vuli kukatika, ilikuwa zamu ya Mzee Mwadime kupitisha mkate upande wetu. Alikuwa amekonda zaidi. Nilisikia viatu vyake kwenye saruji, nikaweka mikono mapajani kama kawaida. Aliyekuwa kulia kwangu alinyoosha mkono kuipokea sahani. Mzee hakumpa. Akapiga hatua moja, akasimama mbele yangu, akainama, na sahani ikawa chini ya uso wangu. Nilidhani amesahau. Nikamwambia polepole, ili nisimwaibishe, "Mzee, bado sijaliona kosa langu."

"Najua," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Hata mimi nimelitafuta. Chukua."

Nikachukua, nikala.